Chungu cha Kipupwe: Makande Yametoka Wapi?

 

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala dawa ya wadudu. Leo tunaingia jikoni. Najua yuko mzee atakayeuliza, "Jikoni tunatafuta nini? Hiki si kipindi cha kilimo?" Ngoja kwanza, mzee wangu. Shamba na chungu ni ndugu wa tumbo moja. Kilichopandwa ndicho kinachochemka, na kisichopandwa hununuliwa au hukosekana. Mtu akitaka kujua historia ya shamba la watu fulani, na afunue chungu chao, atazame ndani.

Chungu tutakachofunua leo ni kile cha kipupwe. Unaijua miezi yenyewe: Juni, Julai na Agosti. Kusi inavuma, ukungu unashuka asubuhi na kuondoka hautaki. Huko Makete na Njombe kuna siku sakitu nyeupe hulala juu ya majani ya viazi mpaka jua lipande. Lushoto watu hawavui makoti. Upande wa Kenya, kule Limuru na Nyandarua, watoto wanakwenda shule pumzi zao zikitoka kama moshi. Siku kama hizo hakuna anayetaka chakula chepesi. Watu wanataka kitu kizito, cha moto, kilichopikwa chote katika chungu kimoja, kikaliwa wote wamezunguka mafiga.

Katika milima yetu kitu hicho, mara nyingi, ni mahindi na maharage. Upareni na Usambaani tunasema makande. Wakikuyu wanasema githeri. Wakamba wanasema isyo, na mahindi yakikobolewa kwanza wanasema muthokoi. Wajaluo wanasema nyoyo. Pwani ya Kenya wakitia tui la nazi wanaita pure, na ukifika Rwanda utakaribishwa impungure. Majina mengi, chungu kimoja.

Sasa, ndugu msomaji, nikuulize. Ukimuuliza mtu yeyote milimani, "Makande ni chakula cha nani?" atakujibu bila kufikiri, "Ni chakula cha asili, cha babu zetu." Jibu hilo lina ukweli nusu. Tusikilize nusu ya pili.

CHUNGU KABLA YA MAHINDI

Tuanze na chungu chenyewe, maana chungu ndicho mzee kuliko wote.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wa mambo ya kale walichimbua vigae huko Kwale, kusini ya Mombasa. Walipovipima waliona ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, yaani kiasi cha miaka 1,700 au zaidi iliyopita. Vigae vya namna hiyo hiyo vilionekana pia katika milima ya Usambara na Upare. Kando ya Ziwa Viktoria, huko Urewe na kwingineko, kuna vyungu vya zamani zaidi, vya miaka 2,000 na kuzidi. Waliovifinyanga walikuwa wakulima waliojua pia kufua chuma. Kwa hiyo akina mama wa Upare wanaofinyanga vyungu, na wenzao Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Kyela, wanafanya kazi yenye umri mkubwa sana katika nchi hii.

Lakini ndani ya vyungu hivyo vya kwanza hamkuwa na punje moja ya mahindi. Hamkuwa na harage jekundu wala kiazi mviringo. Mlikuwa na nini basi?

Mlikuwa na mazao ya Afrika: mtama, uwele na ulezi kwa upande wa nafaka, kunde, njugu mawe na fiwi kwa upande wa mikunde. Fiwi ndizo zile ambazo watu wa Arusha na Kilimanjaro huita ngwara, na Wakikuyu huita njahi: nyeusi, zenye mstari mweupe ubavuni kama kovu. Halafu kulikuwa na ndizi. Mgomba asili yake ni nchi za mbali, kusini-mashariki ya Asia na kisiwa cha New Guinea, lakini ulifika kwetu zamani sana, ukapata milima yenye mvua, ukasahau ulikotoka.

Mchungaji Johannes Rebmann alipofika Uchaga mwaka 1848, akawa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro, alikuta vihamba vya migomba na mifongo ya maji vimekwisha kuwako zamani. Katika kihamba mgomba haukai peke yake. Chini yake yako magimbi, iko mikunde, pembeni kuna majani ya ng'ombe, na samadi ya ng'ombe inarudi kwenye mgomba. Na chungu cha Mchaga kiko hivyo hivyo. Mtori ni ndizi mbichi zilizochemshwa na nyama au mifupa, zikapondwa zikawa uji mzito. Kiburu ni ndizi na maharage pamoja. Mtori ndio anaopewa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu, na siku ya baridi hata asiyejifungua anauomba.

Kwa Wakikuyu njahi ilikuwa na heshima ya namna hiyo. Mzazi alipikiwa njahi. Tena iko alama kubwa kuliko hiyo. Mvua ndefu, ile tunayoiita masika, Wakikuyu wanaiita mvua ya njahi. Mvua fupi wanaiita mvua ya mwere, yaani ya uwele. Watu hawaipi mvua jina la zao dogo dogo. Waliita mvua kwa yale mazao mawili yaliyoshika maisha yao: mikunde moja, nafaka moja. Leo mashamba yale yamejaa mahindi na maharage, lakini mvua bado zinaitwa kwa majina ya wenye nyumba wa zamani.

Unaona tunakokwenda? Wazo la kuchanganya nafaka na mikunde katika chungu kimoja lilikuwapo kabla ya mahindi. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli katika jibu la "chakula cha babu zetu". Mazao yamebadilika. Hesabu ya chungu haikubadilika.

WAGENI WAWILI KUTOKA MAREKANI

Mahindi yalianza kulimwa Mexico kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Maharage ya kawaida nayo ni ya huko huko Marekani, ya Mexico na ya milima ya Andes. Wakulima wa Mexico tangu kale hupanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja. Harage linapanda juu ya bua la hindi, boga linatambaa chini na kufunika udongo usikauke. Kumbe urafiki wa mazao haya ni wa zamani, tena ulianzia shambani kabla ya kufika chunguni.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, Vasco da Gama alipopita Mombasa na Malindi. Katika karne iliyofuata mazao ya Marekani yalianza kuingia pwani kwa njia ya merikebu na biashara yao. Waswahili wakayaita mahindi, na jina hilo limewapoteza wengi wakidhani yametoka Bara Hindi. La, yametoka ng'ambo nyingine kabisa.

Kutoka pwani mahindi hayakukimbia kupanda milima. Yalipanda polepole, na mwendo wake uliongezeka katika karne ya 19, wakati wa misafara. Njia moja kubwa ilifuata bonde la Mto Pangani, ikapita chini ya milima ya Usambara na Upare mpaka Kilimanjaro. Nyingine zilipita Ukambani kuelekea Mlima Kenya. Msafara ni watu wengi wenye njaa. Wanahitaji chakula kikavu, kinachobebeka, kisichooza. Watu wa milimani wakawauzia chakula, na zao lililokomaa upesi, lenye ganda linalozuia ndege, likapata soko. Mtama unahitaji watoto shambani wakifukuza ndege kutwa. Hindi limevaa koti lake lenyewe.

Basi mahindi yakaingia chunguni yakakuta kunde na fiwi zimeketi. Maharage nayo yakaja. Hapo ndipo makande unayoyajua wewe yalipozaliwa. Si ya tangu enzi na enzi. Ni mtoto wa ndoa baina ya desturi ya zamani ya kwetu na mbegu za ng'ambo.

VITA NA POSHO

Sasa tunafika mahali pagumu katika historia hii.

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, ilipiganwa pia katika nchi zetu. Waingereza na Wajerumani walichukua watu kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi. Majina ya Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor pale Nairobi ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, hasa kuhara, na chakula kilikuwa sababu mojawapo. Wengi walikuwa watu wa ndizi, au wa ulezi, au wa viazi. Ghafula wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, au nafaka kavu, na kuni hakuna, na sufuria haba, na amri ya kuondoka alfajiri.

Ndugu mkulima, wewe unajua makande yanataka saa ngapi motoni. Mahindi makavu na maharage makavu ukiyatoa upesi, yanakuwa changarawe tumboni. Chakula kile kile kinachojenga mtu nyumbani, kikiharakishwa njiani kinamwangusha. Wazee wetu waliomaliza vita hivyo walirudi na somo hilo miilini mwao.

Baada ya vita mahindi hayakurudi nyuma. Mashamba ya mkonge, ya kahawa na ya chai yalihitaji vibarua, na kibarua alilishwa posho. Posho maana yake ikawa unga wa mahindi. Mashine za kusaga zikaenea. Ugali wa sembe ukawa chakula cha mji, cha kambi na cha shule. Si chakula kibaya. Ugali unaiva upesi, kuni kidogo, mama anapumzika kinu na mchi. Lakini angalia jambo moja: katika ugali mahindi yamesimama peke yake. Mwenzake hayumo chunguni. Atakuja pembeni kama mboga, na siku hela hazipo, hatakuja kabisa.

Na shambani ikawa vivyo hivyo. Katika miaka ya ukoloni nchini Kenya maofisa wa kilimo walitaka maharage ya kuuza nje. Mnunuzi wa ng'ambo alitaka harage la rangi moja na ukubwa mmoja, si mchanganyiko wa kapu la bibi. Wakulima wakahimizwa kupanda aina chache kama Canadian Wonder na Rose Coco, nalo hili la mwisho mpaka leo utalisikia likitajwa sokoni. Njahi, ile iliyoipa mvua jina, ikarudishwa nyuma mwaka hadi mwaka. Mbegu iliyokuwa ya wanawake, waliyoitunza na kubadilishana wao, ikaachwa kwa kuwa haikuwa na soko la ng'ambo.

Tena ilitolewa shauri moja na wataalamu wengi, nalo halikwisha na uhuru: panda mahindi peke yake, katika mistari, usichanganye. Kuchanganya kukaitwa kilimo cha kizamani. Lazima tuseme kweli, hata sisi wa vipindi vya kilimo hatuwezi kunawa mikono. Katika miaka ya 1960 na 1970 redio na vijitabu vilirudia shauri hilo mara nyingi. Mama mwenye jembe la mkono na eka moja aliyepanda maharage katikati ya mahindi aliambiwa hajui kulima. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba mama yule alikuwa na hesabu yake. Kunde na maharage vina vinundu katika mizizi, na ndani yake bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani na kuitia mmea. Majani na mizizi ikibaki shambani, udongo unapata sehemu yake. Pia mvua ikikatika mapema, harage linalokomaa kwa miezi mitatu limekwisha kuvunwa, hata kama hindi limenyauka. Mchanganyiko wake ulikuwa mbolea na bima kwa pamoja.

Lugha yetu yenyewe iliujua ukweli huu kabla ya wataalamu. Tunasema mseto kwa chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Tena tunasema kilimo mseto. Neno moja, la chunguni na la shambani.

Sisemi mbegu mpya ni mbaya, la hasha. Kule Kitale kazi ya kutafuta mahindi bora ilianza mwaka 1955, na mwaka 1964 ikatolewa mbegu chotara H611, iliyozaliwa kwa kuunganisha mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Ililisha watu wengi. Hapa Tanzania vituo vya Lyamungu, Selian na Uyole vimetoa maharage mazuri. Lyamungu 85 na Lyamungu 90 majina yake yanabeba miaka yake. Neno langu ni hili: mbegu bora ya hindi bado inahitaji mwenzake, shambani na chunguni.

HESABU ILIYOMO CHUNGUNI

Kwa nini mwenzake? Sikiliza, maana hapa ndipo penye uhai wa mtoto.

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi zao zikababuka, nywele zikawa nyekundu nyekundu. Walikuwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Baadaye alilitaja gonjwa hilo kwa jina walilolitumia wenyeji, Waga: kwashiakoo, yaani ugonjwa wa mtoto aliyesukumwa na mdogo wake. Madaktari wa leo wanasema sababu zake ni zaidi ya moja, lakini kwamba mlo wa wanga mtupu ni hatari kwa mtoto, hilo halina ubishi.

Mwili unajengwa kwa protini, na protini ni kama ukuta wenye matofali ya namna nyingi. Hindi lina upungufu wa tofali moja liitwalo laisini. Harage linalo kwa wingi. Harage nalo lina upungufu wa tofali jingine, na hilo liko katika hindi. Kila kimoja kina pengo mahali ambapo mwenzake amejaa. Vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharage, ukuta unasimama. Bibi yako hakuwahi kusikia neno laisini, lakini kipimo chake cha kibaba hakikuwa mbali na hapo.

Tanzania ilifanya kampeni za elimu kwa redio, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu walikusanyika kwa vikundi vijijini wakisikiliza kisha wakijadiliana. Katikati ya miaka hiyo ukame ulipiga, serikali ikaagiza nafaka kutoka nje, na watu wakahimizwa kwa wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Watu walilima. Lakini wito wa kulima nafaka unaweza kujaza ghala na bado ukaacha pengo chunguni, kama mikunde imesahauliwa.

MOTO WA MILIMANI

Bado hatujataja kitu kimoja kinachofanya chungu cha kipupwe kiwe cha milimani hasa: moto.

Pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Sentigredi. Kila unapopanda mita 300, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Mtu aliye mita 2,000 juu ya bahari, maji yake yanachemka kwa nyuzi 93 hivi. Yanatokota, lakini moto wake ni mdogo. Ndiyo maana harage la Makete halitaki kuiva upesi kama la Tanga, hata likitoka gunia moja. Mama wa milimani si mvivu wala kuni zake si mbaya. Ni mlima unaomcheleweshea chungu.

Lakini angalia alivyoigeuza hasara kuwa faida. Moto wa saa nne uliopika makande uliota nyumba nzima. Moshi wake ulipanda darini, ambako mahindi ya mbegu yalitundikwa na ganda lake. Moshi ukayakausha, bungua akakimbia. Moto mmoja ulifanya kazi tatu: kupika chakula, kuwapasha moto watoto, na kulinda mbegu ya mwaka ujao. Nakumbuka nikiwa mdogo nilimwuliza bibi kwa nini hatuondoi masizi yale meusi darini. Akaniambia, "Hayo masizi, mjukuu wangu, ndiyo askari wa mbegu."

Tusisifu moshi kupita kiasi. Umewaharibu akina mama macho na mapafu, na jiko lenye dohani ni jambo la lazima. Lakini tulipoondoa moto chini ya dari hatukuweka askari mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni alionekana mkoani Tabora: dumuzi, aliyepewa pia jina la Skania. Naye ametoka Marekani, kama hindi lenyewe. Mahindi yaliyotangulia karne nne, adui yake amekuja nyuma. Na mahindi yasiyokaushwa vizuri yana hatari nyingine isiyoonekana. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa huko Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota katika nafaka yenye unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Chungu hakiwezi kusahihisha kosa la ghalani.

Wengi wetu tuliosoma shule za bweni tuliyachukia makande kwa sababu hiyo hiyo ya ghala. Tulipewa mahindi yaliyotobolewa na maharage yasiyoiva, na wale wadudu walioelea juu tuliwaita nyama. Tukaondoka shule tukiapa kutoyagusa tena, tukidhani ni chakula cha maskini. Kosa halikuwa la makande. Lilikuwa la ghala, la kuni na la haraka.

TUFANYE NINI?

Historia isiyosaidia kazi ni hadithi tu. Basi haya ndiyo ninayokuachia kabla baridi haijakukuta.

Kwanza, chungu. Chambua mahindi na maharage, tupa yaliyovunda na yenye ukungu. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Nusu ya kuni utakazookoa zimo katika bakuli hilo la kulowekea. Mahindi yasiyokobolewa yatangulie motoni; maharage yafuate. Yaache yatokote kwa nguvu dakika kumi na zaidi kabla ya kupunguza moto, maana maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayokufa kwa kutokota tu. Nyanya na limau usitie mpaka maharage yamelainika, kwa sababu ukali wake huyafanya yagome. Magadi yanalainisha, ni kweli, lakini yanaua baadhi ya vitamini. Tia kidogo au acha kabisa. Mwishoni ndipo uweke kitunguu, karoti, tui au mafuta, na mboga za majani dakika chache kabla ya kuepua. Kama kuni ni za shida, yakikaribia kuiva funika, kisha uzike chungu katika kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya mgomba au matambara, ufunike vizuri. Yatamalizia kuiva yenyewe wakati wewe uko shambani.

Pili, ghala. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka ukiuma punje ivunjike kwa mlio. Yahifadhi katika chombo kisichopitisha hewa.

Tatu, shamba. Panda mwenzake. Usiache hindi peke yake. Na kama una mahali pakavu kidogo ambapo maharage yanakukatisha tamaa, jaribu fiwi. Mizizi yake inakwenda chini, inavumilia jua kuliko maharage. Njahi iliyosukumwa nje ya mashamba ya Kenya zamani ile, walaji wa Kenya hawakuisahau. Siku hizi wakulima wa kaskazini ya Tanzania wanailima na kuiuza huko. Zao lililodharauliwa limerudi kwa mlango wa soko. Ila usiuze zote. Bakiza debe moja la chungu chako na kibaba kimoja cha mbegu.

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Nafaka ni jifya moja. Mikunde ni la pili. La tatu ni ule ujuzi wa mama wa kujua lini kuloweka, lini kutia, lini kungoja. Katika karne iliyopita tulilisogeza jifya moja, tukalidharau jingine, halafu tukashangaa chungu kuinama.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, jioni ya leo ukiketi karibu na moto, sakitu iko nje na makande yanatokota, funua chungu utazame. Mtaona Mexico mle ndani, mtaona misafara ya Pangani na wapagazi wa vita, na mtaona mkono wa bibi aliyechanganya mbegu shambani wakati mtaalamu akimkataza. Kisha jiulize mwakani utapanda nini, ili wajukuu wako wakifunua chungu chao wakute kitu kamili.

Chota, ule yangali moto. Baridi njema, na kazi njema.